Fedha za Bati Zimekwisha na Mume Wangu Anarudi Desemba

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wa Morogoro, nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nyumba naiendesha peke yangu. Tuna kiwanja, na nyumba yetu imefika kwenye lenta. Tulikubaliana kwamba yeye atume fedha za ujenzi na mimi nizitunze, kisha akija Desemba tuezeke.

Mwezi Machi mdogo wangu anayesoma chuo cha kati cha afya alikaribia kuzuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya ada. Wazazi wetu ni wakulima na wakati ule walikuwa hawajavuna. Benki nilikuwa tayari na mkopo wa shilingi milioni 5 niliouchukua kwa ajili ya msingi na matofali. Nakatwa 144,000 kila mwezi na bado miezi 24. Mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa mtu mmoja mjini anayekopesha watumishi. Alinipa shilingi 400,000 siku hiyohiyo, bila maswali mengi. Alichotaka ni kadi yangu ya benki na namba ya siri, pamoja na sahihi yangu kwenye karatasi ambayo mimi sikupewa nakala. Riba yake ni asilimia 30 kwa mwezi. Mshahara ukiingia, anatoa 120,000 zake, kisha ananipigia simu niende kuchukua iliyobaki. Hiyo 120,000 ni riba peke yake. Zile 400,000 bado ananidai zote.

Kuanzia Aprili nikawa naishiwa kabla ya katikati ya mwezi. Nikapakua programu ya mikopo kwenye simu. Ukiomba 100,000 zinaingia 70,000, na baada ya siku saba unatakiwa kurudisha 100,000 kamili. Niliposhindwa kulipa, nikafungua programu ya pili ili kuilipa ya kwanza, na sasa ziko tatu ambazo jumla zinanidai 650,000. Mume wangu alipotuma 1,800,000 za bati, nilizigusa kidogo kidogo nikiwa na nia ya kuzirudisha. Leo zimebaki 350,000.

Wiki iliyopita nilichelewa kulipa siku mbili tu. Wale watu wakatuma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yangu, wakiandika kwamba mimi ni tapeli na kwamba wanaonifahamu wanishauri nilipe. Mwalimu mkuu aliupata. Wifi yangu pia aliupata, akanipigia, nami nikamwambia kwamba simu yangu imeingiliwa na matapeli. Sidhani kama aliamini. Tangu siku hiyo hajasema neno.

Sasa afisa wa mikopo wa benki ameniambia kwamba naweza kuongezewa. Mkopo mpya utakuwa wa milioni 6 kwa miaka sita: utafuta ule wa zamani, mkononi nitapata kama 3,100,000, na makato yatashuka hadi 133,000 kwa mwezi. Nimepiga hesabu. Nikirudisha 1,450,000 za bati, nikimlipa mwenye kadi 400,000 na zile programu 650,000, inakuwa 2,500,000. Zinabaki 600,000 za sikukuu na za mdogo wangu, na mume wangu hatajua lolote. Rafiki yangu pekee ninayemweleza mambo yangu anasema nisaini haraka, lakini fomu ninayo wiki nzima na mkono unakataa.

Mume wangu si mtu mbaya. Mwaka 2021 alimpa rafiki yake fedha ili walime tikiti maji, zikapotea zote. Alinieleza mwenyewe na tukaanza upya. Ila hili ni tofauti, kwa sababu hizi ni fedha za nyumba na mimi ndiye niliyeaminiwa. Akijua ataniua. Nafundisha watoto wa watu hesabu, kumbe mwenyewe sijui kutumia fedha. Je, nisaini nimalize mambo kimya kimya, au nimweleze na kuhatarisha ndoa yangu?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwalimu. Naomba tuanze na ile sentensi uliyoiandika karibu na mwisho, kwamba hujui kutumia fedha, kwa sababu sioni ushahidi wake katika barua yako. Watu wengi wanaoniandikia kuhusu madeni hawajui hata wanadaiwa kiasi gani. Wewe umeandika kila mdai, kila kiasi na kila makato, na hesabu zako ni sahihi. Ulikopa ili mdogo wako asifukuzwe chuoni. Tangu Machi hadi mshahara wa Septemba, yule mtu wa mjini ameshatoa kwenye akaunti yako 120,000 mara saba, yaani 840,000, zaidi ya mara mbili ya alichokupa, na bado anakudai kama siku ya kwanza. Mwezi uliofuata baada ya kumpa kadi ndipo ulipoanza kuishiwa na kupakua programu. Kwa jinsi ulivyolieleza, tatizo lako halikuanzia dukani wala kwenye anasa. Limetoka kwenye pengo la 120,000 ambalo linajirudia kila mwezi na ambalo umekuwa ukiliziba kwa fedha za siku saba. Watu hupenda kumkumbusha mwenye deni kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwako hata hiyo harusi haikuwapo.

Hata hivyo kuna swali ambalo barua yako haikuligusa, nami nakuuliza bila nia ya kukuhukumu. Sijapata kumjua mwalimu ambaye hadaiwi michango: kadi za harusi, sare ya kitchen party, rambirambi, mwenzetu anayehamishwa. Je, miezi hii yote umeendelea kuchangia kama zamani ili wenzako wasihisi kitu? Ikiwa ndivyo, kiasi hicho nacho kiingie kwenye karatasi yako ya hesabu, kwa kuwa mkopo wowote mpya utakutana nacho. Na jambo la pili ni hili. Umesema mume wako anatuma fedha za ujenzi, lakini hukusema nani ananunua unga, nani analipa umeme na nani anawavika watoto. Nahisi, na nisahihishe kama nakosea, kwamba mshahara wako ndio unaokula na kuvaa, ilhali wake ndio unaojenga. Nyumba inaonekana, ugali uliokwisha kuliwa hauonekani, na anayeununua anaweza kuonekana hana alichokifanya. Huenda makubaliano yenu ya kugawana majukumu yalikuwa mazuri siku mlipoyafanya na yamekuelemea baadaye, bila yeyote kati yenu kukaa na kuyaangalia tena.

Tuje kwa mwenye kadi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja lake Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba usiozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 400,000 hiyo ni shilingi 14,000, wewe unalipa 120,000. Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na siwezi kulaumu waliolibuni. Lakini sitaki uitumie sheria hiyo kujifariji kupita kiasi. Haisemi kwamba deni lako limefutika. Inakupa nafasi ya kuuliza maswali ambayo hukuuliza Machi, yaani kama ana leseni na kama mkataba upo, umeandikwa nini.

Akaunti ile ni yako. Benki yoyote humweleza mteja kwamba namba ya siri si ya kumpa mtu mwingine, na unaweza kwenda kwenye tawi lako na kitambulisho, ukaomba kadi ile ifungwe na upewe nyingine. Ni hatua fupi, ila ina matokeo yake. Yule mtu anaweza kuja shuleni, anaweza kwenda ofisi ya mtaa, na zaidi ya yote anayo karatasi uliyoisaini bila kubaki na nakala. Zipo karatasi za namna hiyo ambazo hazitaji mkopo kabisa, zimeandikwa kana kwamba mkopaji ameuza pikipiki au samani zake. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya kadi ni vyema ujue ulichosaini, na usiende kuiomba karatasi hiyo peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na hutoa msaada wao bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza waliko. Chama chako cha walimu nacho kiulize. Wapo wakopeshaji ambao, wakimwona mtu amekuja na shahidi anayejua sheria, hukubali kupokea mtaji wao kwa awamu kuliko kubishana kuhusu leseni. Wapo pia wanaokuwa wakali zaidi, na siwezi kukuahidi wako ni wa namna gani.

Kuhusu zile programu nitasema kwa ufupi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni; angalia kama zako zimo. Kuwatumia watu ujumbe wa kukuita tapeli ni jambo unaloweza kulilalamikia mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa sababu hiyo usifute chochote: piga picha za skrini, tunza namba zilizotuma na tarehe. Kuiondoa programu kwenye simu hakurudishi majina ambayo wameshayanakili. Mwalimu mkuu wako, nadhani, anastahili maneno mawili matatu kutoka kinywani mwako, kwamba ni mkopo wa simu na unaushughulikia. Wakuu wa shule wameshauona ujumbe wa aina hiyo kwa watumishi wengine.

Sasa tufike kwenye fomu. Sikuambii usisaini, kwa kuwa mkopo wa benki, pamoja na ubaya wake wote, ni nafuu mno ukilinganisha na asilimia 30 kwa mwezi. Ninachokuomba ni kuitazama kwa jicho lile unalotumia kusahihisha madaftari. Makato yanashuka kutoka 144,000 hadi 133,000, na hicho ndicho kilichokuvutia. Deni lililopo lingeisha kwa miezi 24, yaani bado ungelipa 3,456,000. Jipya ni miezi 72, na 133,000 mara 72 ni 9,576,000. Tofauti ni 6,120,000, nayo ndiyo bei ya zile 3,100,000 utakazoshika mkononi, kabla ya kuhesabu bima na ada za mkopo. Afisa hakukudanganya, ila alikuonyesha mstari mmoja wa hesabu. Mwombe akuandikie mstari mwingine, wa jumla utakayolipa mpaka mwisho, kisha akupigie hesabu ya miaka mitatu na ya minne huku akiangalia ile kanuni inayotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake.

Kuna jambo jingine katika hesabu yako ambalo nilipoliona nilisimama. Wanaokudai kwa nguvu, yaani mwenye kadi na zile programu tatu, jumla yao ni 1,050,000. Zilizobaki katika zile 3,100,000 ni 2,050,000: 1,450,000 za kurudisha bati na 600,000 za sikukuu na za mdogo wako. Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya fedha utakazokopa haziendi kwa mdai yeyote anayekunyima usingizi leo. Sehemu kubwa inakwenda kumfanya mume wako asijue. Huenda ukaona inafaa kulipia hilo, na wewe ndiye unayemfahamu. Ila ni vizuri ujue kwamba unalipia nini, na kwamba utakilipia kwa miaka sita.

Nimejaribu kukadiria, kwa riba inayoonekana kwenye takwimu za fomu yako, ingekuwaje kama ungekopa tu kiasi cha kufuta deni la zamani na hizo 1,050,000. Ni kama milioni 4. Kwa miaka mitatu makato yangekuwa takriban 143,000, karibu sawa na unayokatwa sasa, na nyongeza juu ya deni la zamani ingekuwa kama 1,700,000 badala ya 6,120,000. Ile 120,000 anayoitoa mwenye kadi ingebaki kwako. Ukiweza kuiweka pembeni kila mwezi, ndani ya mwaka mmoja inafika 1,440,000, ambazo zinakaribia kabisa fedha za bati zilizotumika. Usiichukulie hesabu hii kama ahadi: ugonjwa ukija, au ada nyingine ya mdogo wako, mpango utayumba, na huyo mdogo wako naye ni mtu mzima wa kuelezwa kwamba chuo kiombwe kupokea ada kwa awamu. Na njia hii ina gharama ambayo ile ya kwanza haina. Nyumba itabaki kwenye lenta kwa mwaka mwingine, na mume wako lazima ajue sababu.

Hapo ndipo fedha na ndoa zinapokutana, kwa hiyo niruhusu nikuulize kuhusu yeye. Umeandika "ataniua". Mara nyingi tunasema hivyo kwa maana ya kwamba atakasirika sana. Ikiwa wewe ulimaanisha zaidi, ikiwa amewahi kukupiga au kukutisha, basi mengi ninayoyasema hapa yasubiri, na usimweleze jambo hili mkiwa wawili tu ndani ya nyumba. Zungumza kwanza na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sikuona dalili hizo katika barua, lakini barua haisemi yote.

Ikiwa si hivyo, nitarudi kwenye lile ulilolipitia haraka, la tikiti maji. Umesema ni tofauti kwa sababu wewe ndiye uliyeaminiwa. Je, zile fedha alizompa rafiki yake zilikuwa zake peke yake, au zilikuwa za nyumba nzima? Yeye naye alikuwa ameaminiwa, akapoteza, akaja kukueleza kwa mdomo wake, na ninyi bado ni mke na mume. Labda kuna tofauti ambayo sijaiona. Yeye alipoteza katika jaribio la kuongeza, wewe umetumia ulichokabidhiwa na kumdanganya wifi; mtu anaweza kuumia zaidi kwa la pili, na sitaki kukufanya uamini kwamba atakupokea kama ulivyompokea. Anaweza kukunyang'anya jukumu la kutunza fedha. Anaweza kusema fedha zake zimesomesha ndugu yako, na maneno hayo yakakaa ndani ya nyumba kwa muda mrefu.

Kwa upande wa pili, sina hakika kama siri bado ni yako. Ujumbe upo kwenye simu ya wifi, na mkopo wa benki haufuti ujumbe huo. Ukimya wake unaweza kuwa heshima, unaweza kuwa kwamba anakusubiri wewe uanze, au anamsubiri kaka yake afike. Mbali na hayo, kwa miaka sita hati yako ya mshahara itakuwa na mkopo ambao ulianza mwaka ambao nyumba iliezekwa kwa fedha zinazodhaniwa kuwa za mume. Unaweza kuishi na jambo hilo. Wapo wanaoishi nalo. Jiulize tu kama utaweza kulala chini ya bati hizo kwa raha kuliko unavyolala sasa.

Ukichagua kumweleza, wakati una uzito wake. Asiyasikie akiwa kwenye usukani au kwenye foleni ya malori mpakani, na isiwe siku ya kwanza ya kufika nyumbani watoto wakiwa wamemzunguka. Lakini iwe kabla hajaenda kuulizia bei ya bati. Mwonyeshe karatasi nzima, pamoja na kile kiasi kilichobaki na mpango unaoufikiria, maana atakayeelezwa nusu atatumia mwezi mzima kuitafuta nusu nyingine. Kama mna wasimamizi wa ndoa mnaowaheshimu wote wawili, wanaweza kukaa nanyi, ingawa wanaume wengine huona ni kuaibishwa mbele ya watu na wangependa kuambiwa kwanza faraghani. Wewe ndiye unayejua wako ni yupi. Wifi pia unaweza kuanza naye, kwa kumrudia na kumwambia kwamba simu haikuingiliwa na mtu. Ni mazungumzo magumu, ila ni mafupi kuliko yale ya Desemba, na yatakuonyesha anachokijua.

Mshahara wa Novemba utaingia kabla mume wako hajafika. Suala la kadi kuwa mkononi mwako siku hiyo unaweza kulishughulikia hata kabla hujafikia uamuzi juu ya fomu au juu ya mume wako, kwa sababu njia zote mbili unazozifikiria zinaanza na yule mtu kuacha kutoa 120,000. Ukishaiona ile karatasi uliyoisaini, niandikie inasema nini na ina tarehe gani, kwa kuwa mengi ya kusema kuhusu mtu huyo yanategemea maneno yaliyomo.